Sikio la Ukumbini: Namna ya Kuipima Bendi ya Dansi

Kwa mpenzi wa muziki wa dansi, mwaka hauanzi Januari. Unaanza Idd Mosi. Kwa miongo mingi kumbi za Dar es Salaam zilinyamaza mwezi mzima wa Ramadhani: wanamuziki wakaingia mazoezini, watunzi wakamalizia tungo zao, na mwezi ulipoandama watu walijua pa kwenda kusikiliza vibao vipya. Kutoka Idd hiyo mpaka Ramadhani nyingine ndio msimu wenyewe. Anayetaka kujua bendi nzuri ni ipi anahitaji msimu mzima, kwenye ukumbi ule ule wa mtaani kwake ikiwezekana, maana bendi yoyote inaweza kumhadaa mtu usiku mmoja.

Bendi hizi ziliitwa jazz. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, Western Jazz 1959, NUTA Jazz 1964. Tabora walikuwa na Tabora Jazz, Tanga wakawa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, kulikuwa na African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco; Guinea wakajivunia Bembeya Jazz. Mtu aliyelelewa na santuri za Duke Ellington akiingia ukumbini Kariakoo hatausikia muziki ule. Neno lilifika pamoja na gramafoni na ala za kisasa, likachukua maana ya bendi ya dansi yenye magitaa, dramu na vyombo vya kupuliza. Kilichokaa zaidi masikioni mwa wanamuziki wetu kilitoka Cuba, kwenye santuri za GV ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933. Salum Abdallah wa Morogoro hakuona haya kusema alikojifunza: bendi yake aliiita Cuban Marimba.

Juu ya msingi huo wa Cuba wakaja na vyao. Msondo ni ngoma, Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na majina hayo mawili ndiyo yaliyobebwa na NUTA Jazz na Mlimani Park, bendi mbili ambazo kwa wapenzi wa dansi ni kama Simba na Yanga. Western Jazz wakawa na mtindo wao wa Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata, Vijana Jazz wakawa na Takatuka. Jina la mtindo halikuwa pambo la bango. Lilikuwa ahadi kwamba hapa mapigo yanakwenda hivi na si vinginevyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji mlangoni, kabla hajalipa kiingilio, ni hili: je, akisimama nje ukutani, bila kuona bango wala kusikia sauti ya mwimbaji anayemjua, atatambua ni bendi gani iliyo ndani? Bendi ya kopi haitambuliki. Inaweza kuwa na vidole vyepesi na mashati ya sare yaliyopigwa pasi vizuri, lakini kutoka nje inasikika kama redio ya jirani.

Afike mapema, saa tatu usiku, wakati viti vingi bado vitupu na fundi mitambo anapita na nyaya begani. Saa hii ndiyo inayosema kweli. Waimbaji wenye majina hawajaja, waliopo jukwaani ni vijana wanaopewa nafasi, na zinapigwa zilipendwa za watu wengine ili kuchangamsha vyombo. Bendi iliyolelewa vizuri inawapigia watu kumi na wawili kama inavyowapigia mia nne. Mpiga besi haongei na rafiki yake huku vidole vikijiendea. Gitaa lililopoteza sauti halisubiri wimbo uishe; mwenye gitaa anageuka, anainamisha sikio kwenye spika, anakaza uzi kwa pigo moja kisha anarudi ndani ya wimbo bila mtu kuona pengo. Kwenye bendi mbovu, gitaa hilo litabaki chini kidogo ya sauti mpaka usiku wa manane, na wenzake wote wataizoea kasoro hiyo kama watu wa nyumbani wanavyozoea mlango unaolia.

Sasa aondoe macho kwa mpiga solo. Hili ni gumu, kwa sababu solo ndiyo inayovuta. Lakini mtu wa kwanza wa kusikilizwa ni yule ambaye jina lake halimo kwenye bango: mpiga gitaa la ridhimu. Kwa kawaida amesimama nyuma kidogo, karibu na dramu, na ni nadra mtu kupanda jukwaani kumtunza. Msikilizaji asogee upande wake, afumbe macho dakika mbili, amsikilize yeye tu. Mkono wa kushoto hauna mengi. Mishiko mitatu, pengine minne, wimbo mzima. Kazi iko mkono wa kulia. Unashuka, unapanda, na kila baada ya pigo ubavu wa kiganja unagusa nyuzi kidogo kuuzima mlio, ili ubaki mfupi na mkavu. Akiuzima mapema mno, wimbo unaonekana kama unafukuzwa. Akichelewa, mlio unaburuza mkia na kuziba nafasi ya waimbaji. Mpiga ridhimu aliyekomaa atarudia mchoro ule ule dakika kumi na mbili bila mwendo kupanda wala kushuka, na bado sikio halitachoka. Ukweli ni kwamba wapiga solo wazuri ni wengi kuliko watu wa namna hii.

Baada yake lifuate solo la pili. Bendi za dansi za Tanzania zilizoea magitaa manne: solo, solo la pili, ridhimu na besi. Anayesikia kijuujuu hudhani solo la pili ni msaidizi wa solo, anayeongeza kelele. La hasha. Kazi yake ni kupokea. Solo ikisema neno, lenyewe linajibu. Solo ikipanda juu kwenye nyuzi nyembamba, lenyewe linakaa katikati na kuijaza nafasi iliyoachwa. Kwenye rekodi za Mlimani Park za miaka ya mwanzo, enzi za Abel Balthazar na Joseph Mulenga, magitaa yanajibizana kama watu wawili wanaoelewana mpaka mmoja anaweza kumalizia sentensi ya mwenzake. Kipimo chake ukumbini ni chepesi. Mpiga solo akinyamaza ghafla, labda uzi umekatika au ameinama kunywa maji, je, muziki unaanguka au unaendelea kusimama? Ukiendelea kusimama, hiyo ni bendi. Ukianguka, yule ni mpiga gitaa aliyeajiri watu wa kumshikia mlango.

Besi na tumba zinasikilizwa pamoja, kwa sababu zikitengana hakuna tena wa kuwashika wachezaji. Moyo wa rumba ni mapigo matano yanayogawanywa matatu na mawili. Hata pasipo na mtu wa kuyagonga kwa vijiti, lazima yawepo kichwani mwa kila mmoja. Mpiga besi mzuri hakanyagi kila pigo. Anaacha mwanya, na tumba inaingia katika mwanya huo. Kwenye ngozi ya tumba kuna angalau milio mitatu ya kutafuta: ule wa wazi unaolia na kuenea, ule wa kofi kali unaokata, na ule mzito wa kiganja kilicholala katikati. Mpigaji mchanga hupenda kofi tu, kwa sababu linasikika mpaka baa. Aliyekomaa hulitunza kofi kama chumvi.

Vyombo vya kupuliza vinastahili aya ya huzuni kidogo. Vilikuwa fahari ya bendi hizi. King Michael Enoch, aliyeanza kujulikana kwa gitaa la solo kwenye Dar es Salaam Jazz, ndiye baadaye aliyepuliza saksafoni na kuongoza Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, na kwenye nyimbo za bendi hiyo saksafoni na tarumbeta zinaingia mahali ambapo sauti za watu zimeishia, zikichukua zile zile hisia. Siku hizi kumbi nyingi zina kinanda kinachoiga tarumbeta. Mtu asione aibu kusema kwamba si sawa. Tarumbeta ya kinanda haina pumzi, na pumzi ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba sentensi ya muziki imekwisha. Bendi iliyobaki na wapulizaji wawili au watatu wa kweli, hata kama wamezeeka, ianze na alama za ziada. Kisha wapimwe mwishoni mwa mlio, sio mwanzoni: kuanza pamoja ni mazoezi ya wiki moja, kukatisha pamoja ni mazoezi ya miaka.

Kwenye uimbaji wapenzi ndipo wanapogombana hasa, na wana haki. Muhiddin Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, alikuwa na sauti nzito yenye mamlaka ya mzee wa baraza; Hassan Bitchuka alikuwa na sauti nyembamba, ya juu, inayokwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Wawili hao waliimba pamoja Mlimani Park, na hapo ndipo penye somo. Bendi nzuri haitafuti waimbaji wanaofanana. Inatafuta sauti ambazo kila moja inaonyesha ubora wa mwenzake, halafu kwenye kiitikio zinakubali kuwa kitu kimoja. Anayepima asikilize kiitikio akijiuliza kama anaweza kumtambua mtu mmoja mmoja. Akimtambua, kuna mtu anayepigania kipaza sauti.

Halafu kuna lugha. Kiswahili kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi anayekijua huulaza wimbo juu ya mkazo huo. Neno kama "barua" linataka uzito kwenye "ru". Mtunzi akiuweka kwenye "ba" kwa sababu tyuni imemlazimisha, neno linateguka na msikilizaji wa kiti cha nyuma anabaki akijiuliza kimesemwa nini. Dansi ni muziki wa maneno. Watu hukaa vitini sehemu ya kwanza ya wimbo kwa sababu wanafuatilia kisa: barua kutoka kijijini, ndoa iliyoingiliwa na ndugu, rafiki aliyegeuka. Marijani Rajabu aliitwa Jabali la Muziki, na sehemu kubwa ya ujabali wake ilikuwa kwenye kutamka. Kwenye "Zuwena" hakuna silabi inayopotea. Kwa hiyo kipimo cha mwimbaji na cha fundi mitambo ni kimoja: mtu anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza, akiwa amekaa karibu na mlango wa choo, aweze kusimulia kisa chake wimbo ukiisha. Kumbi nyingi zinashindwa hapa. Sauti hupandishwa mpaka spika zinakoroma, na mtunzi aliyekesha mwezi mzima wa Ramadhani akitafuta vina anafukiwa na besi.

Kisha inakuja chemko.

Wimbo wa dansi una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya beti na viitikio, kwa mwendo wa kutembea. Ya pili ni chemko, pale muziki unapochemka, maneno yanapungua, magitaa yanachukua uongozi na watu wanaacha bia zao mezani. Mlango kati ya nyumba hizi mbili ndio mahali pa hatari kuliko pote, na hapa mpimaji asipepese macho. Nani anatoa ishara? Kwenye bendi zilizokomaa ishara huwa ndogo: kidevu cha kiongozi, bega la mpiga solo, dramu kubadilisha pigo moja tu kabla. Watu wanane au kumi wanavuka kizingiti kwa mguu mmoja. Kwenye bendi ambayo haijafanya mazoezi ya kutosha, mpiga dramu anavuka kwanza, ridhimu inamfuata nusu pigo nyuma, besi inabaki ikitafuta viatu vyake, na kwa sekunde nne au tano ukumbi mzima unachechemea. Wachezaji wanajua. Mpimaji atazame miguu ya watu wazima waliozoea, wale wanaocheza bila kuangaliana: wakikosa hatua wote kwa pamoja, kosa haliko kwao.

Kwenye chemko ndipo pia linapozuka swali la ubunifu, na hapa jazz yetu na ile ya New Orleans na New York zinaachana njia. Kule mpigaji husifiwa kwa kuunda solo mpya kila usiku. Kwenye dansi, solo ya wimbo uliopendwa ni sehemu ya wimbo, kama ubeti. "Neema" ya Mlimani Park ikipigwa, watu waliokuja na kumbukumbu zao wanangojea mchoro wanaoujua. Akija kijana na kupiga cha kwake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, atakuwa amewanyang'anya kitu. Lakini akinakili tu kama kanda, naye hajafanya kazi. Ufundi uko kwenye kuutoa mchoro mzima kama ulivyo mara ya kwanza, kuupinda kidogo mara ya pili, na mara ya tatu kuutumia kama daraja la kwenda mahali ambapo hakuna aliyefika. Mbaraka Mwinshehe aliuweza mchezo huo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda naye hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo. Mwaka 1973 aliondoka akaunda Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari mkoa wa Pwani wa Kenya ikamchukua akiwa na umri wa miaka 34. Gitaa lake kwenye rekodi halina haraka. Anasema jambo, analirudia, na marudio hayafanani kabisa.

Hili haliwezi kupimwa usiku mmoja, na ndiyo sababu ya msimu. Mwenye kuipenda kazi hii achague wimbo mmoja wa bendi, ikiwezekana mpya uliotoka Idd, aufuate miezi kadhaa. Wiki ya kwanza waimbaji bado wanaangaliana kutafuta nani anaingia. Mwezi wa pili wimbo umekaa. Mwezi wa nne utakuwa umeanza kuota mambo ambayo mtunzi hakuyapanga: jibu dogo la tarumbeta, mzaha wa solo la pili, kituo ambacho wachezaji wenyewe wamekizua kwa kupiga makofi na bendi ikakikubali. Bendi inayosikiliza ukumbi wake huyachukua hayo. Kama baada ya miezi sita wimbo uko vile vile ulivyozaliwa, au umelegea na kufupishwa kwa uchovu, jibu limepatikana.

Kazi ya nyumbani ipo pia. Kwa miaka mingi studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa mahali pakuu pa bendi kurekodi, na bendi nzima ilipiga kwa pamoja, bila nafasi ya kuja kesho kurekebisha gitaa lako peke yako. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Ndiyo maana kanda zile ni kipimo cha haki: kinachosikika humo ni watu walioweza kweli. Msikilizaji achukue "Rosa" ya Western Jazz, "Dirishani" ya Afro 70 ya Patrick Balisidya, "Mary Maria" ya Vijana Jazz na "Karubandika" ya Orchestra Maquis, wale waliotoka Kongo wakaja kufanya Dar es Salaam kwao. Azisikilize mara nne: mara ya kwanza sauti, mara ya pili ridhimu, mara ya tatu besi na tumba, mara ya nne vyote. Akirudi ukumbini Jumamosi atashangaa masikio yake yamekuwa mangapi.

Kuhusu kutunza, maneno machache. Mtu kupanda na noti na kuibandika kwenye paji la uso la mwimbaji ni adabu ya siku nyingi, na kwa wanamuziki wengi fedha hiyo ni nauli na mboga. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mwimbaji anapoacha kisa katikati ili ataje majina ya wafanyabiashara, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtu aliyekuwa akifuatilia masaibu ya mke kwenye ubeti wa pili hajui tena alifikia wapi. Waimbaji wenye heshima ya kazi hulisubiri chemko kwa ajili ya majina. Ubeti hawaugusi.

Saa nane usiku, wimbo wa mwisho. Nusu ya meza zimeshaondoka, mhudumu anakusanya chupa, na mpiga dramu ameloa mgongo mzima. Waimbaji wenye majina wanajua kuwa kazi imekwisha. Wengine wameshashuka jukwaani. Mpimaji, kabla ya kutafuta bajaji, arudi upande ule aliosimama saa tatu, karibu na dramu, pale alipo mtu wa ridhimu. Mguu wake bado unakumbuka mwendo wa mwanzo. Augonge sakafuni. Kisha auangalie mkono wa kulia: unashuka, unapanda, na ubavu wa kiganja bado unaugusa uzi na kuuzima mlio mahali pale pale.